Tupeane uzoefu: Danganronpa ilikuchekesha wapi, na kicheko kilikatikia wapi?

Mwanzisha mada

Ndugu wadau, ningependa waliocheza Danganronpa: Trigger Happy Havoc, au waliomtazama mwingine akiicheza, watueleze walivyoipokea. Kwa wasioifahamu, ni gemu ya Kijapani iliyotolewa na Spike mwaka 2010 kwa ajili ya PSP, kifaa cha mkononi cha Sony cha kuchezea gemu, kisha ikatoka rasmi kwa Kiingereza mwaka 2014. Wanafunzi wenye vipaji vya pekee wanafungiwa katika shule ya Hope's Peak, na Monokuma, dubu mwenye upande mmoja mweupe na mwingine mweusi anayejiita mwalimu mkuu, anawatangazia kwamba anayetaka kuhitimu sharti amuue mwenzake bila kugunduliwa. Baada ya mauaji darasa zima huketi kama mahakama: likimtambua muuaji, anauawa yeye, likikosea, wanauawa wengine wote naye anaondoka huru. Mimi nilianza kucheka pale dubu alipohutubia kwa madaha yote ya siku ya kufungua shule. Tafadhali msiwataje wauaji wa kesi za mwishomwisho.

Mchangiaji wa kwanza

Kwangu kilikatikia kwenye adhabu ya kesi ya pili, na samahani kwa ambao hawajafika huko. Kiongozi wa genge la waendesha pikipiki anazungushwa juu ya pikipiki ndani ya tundu la chuma mpaka anageuka siagi, kisha Monokuma anaila siagi hiyo pamoja na keki. Ukisimuliwa hivyo utacheka, na mimi ningecheka, lakini muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumesikia sababu iliyomfanya aue, nayo ilijaa aibu na majuto kuliko ukatili. Waandishi wanakuletea mzaha huo wakati bado unamhurumia, na hawakupi nafasi ya kuvuta pumzi.

Jambo jingine ni ule muda wa mapumziko, ambapo unachagua mwanafunzi wa kukaa naye, unampa zawadi, naye anakusimulia maisha yake kidogo kidogo. Niliutumia karibu wote kwa mtu mmoja, akauawa, na masimulizi yake yakabaki nusu. Hiyo iliniuma kuliko maiti yenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mimi sikucheka hata mara moja. Ile damu iliyopakwa rangi ya waridi, ambayo wengi husema inapunguza makali, kwangu ilizidisha karaha, kwa sababu ilikuwa kana kwamba mtu ameipamba maiti.

Mchangiaji wa tatu

Naandika nikiwa mwalimu, na nakiri nilicheka sana, ingawa si kwa sababu ya vifo. Kilichonichekesha ni kanuni za shule. Usiku umewekwa kuanzia saa nne hadi saa moja asubuhi. Kulala popote nje ya bweni huhesabiwa kuwa ni kusinzia darasani na huadhibiwa. Ni marufuku kumpiga mwalimu mkuu. Kanuni hizo zimeorodheshwa pamoja na ile ya kuua ili uhitimu, kwa lugha ileile kavu, kana kwamba zote zina uzito mmoja, na Monokuma hukasirika kwa dhati zinapovunjwa. Yeyote aliyewahi kuandaa kanuni za shule atautambua ukavu ule. Niliwahi kumwonyesha mwenzangu wa kazini sehemu hiyo. Alicheka mpaka tulipofika kwa mwanafunzi wa kwanza kuadhibiwa baada ya kesi, akafungwa kwenye nguzo huku mashine ikimvurumishia mipira ya besiboli, mchezo uleule uliompa sifa. Hapo mwenzangu aliuliza kama gemu hii inauziwa watoto. Nilimjibu kwamba Marekani imewekewa daraja la M, yaani miaka 17 na kuendelea.

Mchangiaji wa nne

Jaribuni sauti za Kijapani. Monokuma anaigizwa na Nobuyo Oyama, aliyekuwa sauti ya Doraemon kuanzia 1979 hadi 2005, kwa hiyo kwa vizazi kadhaa vya watoto wa Japani hiyo ndiyo sauti ya paka mpole anayemwokoa mtoto kila anapokwama. Rafiki yangu aliyekua na katuni hiyo aliketi nami dubu alipotokea kwa mara ya kwanza. Alicheka, akanyamaza, kisha akaniomba nirudishe sauti za Kiingereza.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Naona mnaocheza peke yenu ndio mnaoumia zaidi. Sisi tulikuwa kundi, kila mmoja akipaza sauti kumtaja mshukiwa wake, na vifo vilitupita kama maswali ya chemshabongo. Je, aliyefika Danganronpa V3 ya 2017 ana lipi la kusema?

Mchangiaji wa tano

Ninalo, na nitalisema bila kufichua kisa. Mwisho wa V3 uliwagawa mashabiki vibaya sana, kwa sababu unamgeukia mtazamaji na kumuuliza kwa nini bado anataka wanafunzi wengine wauane. Wapo walioona wametukanwa baada ya uaminifu wa miaka mingi. Mimi niliona swali ni la haki, na bado nilikasirika, maana waliokuwa wakiniuliza ndio haohao walioniuzia sehemu zote zilizotangulia.