Nimemaliza kidato cha sita, nataka kusomea lishe, mzee anataka uuguzi. Naombeni ushauri

Binti_Kasulu

Habari zenu wakuu. Mwakeye wana Kigoma wote mliomo humu.

Mimi ni binti wa Kasulu, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa CBG. Baiolojia nimepata B, Kemia C, Jiografia B. Nataka kuomba shahada ya Lishe ya Binadamu pale SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine), Morogoro. Baba hataki. Anasema niende uuguzi kwa sababu kila zahanati inamhitaji muuguzi, ila mtu wa lishe ataajiriwa wapi, hotelini? Simlaumu. Ada yangu yote imetoka kwenye maharage yake, ana haki ya kuuliza.

Kilichonivuta ni kijijini kwa bibi, upande wa Buhigwe. Maharage yapo, ndizi zipo, parachichi zinaoza chini ya miti. Lakini ukiwapanga watoto wa darasa la kwanza utadhani nusu yao hawajafikisha umri wa kuanza shule. Maharage yanapakiwa kwenye Fuso, watoto wanabaki na ugali wa muhogo na mlenda. Nataka kuielewa hali hii na kuifanyia kazi.

Naomba kujua: mtu akimaliza hiyo kozi anafanya kazi gani hasa? Na kweli ajira ipo, au nitakuja kukaa nyumbani na cheti?

Mzee wa Gungu

Binti yangu, msikilize baba. Vijana wenye shahada wamejaa hapa Mwanga, Kigoma mjini, wengine wanaendesha bodaboda. Uuguzi una uhakika kidogo. Hayo ya bibi utayafanya hata ukiwa nesi.

Afisa_Vijijini

Mdogo wangu, mimi ni afisa lishe kwenye halmashauri moja ya mkoa huu, kwa hiyo nakuandikia kazi ninayoifanya.

Kila halmashauri ina maafisa lishe, tupo chini ya Idara ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Mwaka 2017 mikoa ilisaini mikataba ya lishe, na halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Pesa hiyo haiji yenyewe. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na mweka hazina na madiwani nikieleza kwa nini itoke robo hii ya mwaka na si robo ijayo. Kama hupendi vikao, lijue hilo mapema.

Sehemu ninayoipenda ni kijijini. Unamkuta mama na mtoto mnene usoni, ndugu wanasema amenawiri. Unamkalisha, unabonyeza migongo ya miguu yote miwili kwa vidole gumba, unahesabu sekunde tatu, unaachia. Shimo likibaki, ule si unene, ni maji. Huyo ana utapiamlo mkali na anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwingine unampima kwa utepe wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo mpaka 12.5 ni njano, zaidi ya hapo kijani. Kwa jicho tu ungewapita wote wawili.

Hao wa bibi yako wana udumavu, yaani urefu haulingani na umri. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, ule wa 2022 ukakuta asilimia 30. Umeshuka, lakini bado ni watoto watatu katika kila kumi. Na unaanza mapema mno, tumboni mpaka miaka miwili, zile siku 1,000. Mtoto wa darasa la kwanza unamkuta dirisha hilo limeshafungwa, ndiyo maana sisi tunamfuata mama mjamzito.

Mkoa wetu hauna shida ya kukosa vyakula. Dagaa unaliwa mzima na mifupa yake, hiyo ni kalisiamu. Mawese mekundu yana viini ambavyo mwili unavigeuza kuwa vitamini A, na mafuta yenyewe yanausaidia mwili kuvifyonza. Muhogo unashibisha lakini protini yake ni ndogo sana. Kijiko cha unga wa dagaa na kijiko cha mawese kwenye uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita, mama yeyote wa Kibirizi anavimudu. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa naye jikoni, akaonyesha, akarudi tena wiki ijayo. Huyo mtu awe wewe.

Hata chumvi ni kazi yetu. Tuna Uvinza hapa, lakini chumvi isiyowekwa madini joto haimkingi mtu na rovu (uvimbe wa shingo), na mjamzito akiyakosa ubongo wa mtoto unaumia. Dukani unadondoshea chumvi tone la dawa ya kupimia. Ikigeuka rangi ya bluu, madini yamo. Ikibaki nyeupe, unaanza kufuatilia ilikotoka.

Dada_Wodini

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto. Nauguza kwa moyo wote, lakini nisikudanganye, kazi hizi si moja.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali akiletwa amezidiwa, ndugu wanataka alishwe sana, mayai, nyama, leo hiyohiyo. Anaweza kufa kwa chakula hicho. Anaanzishwa maziwa maalumu ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogokidogo mchana na usiku, mpaka mwili utulie. Ndipo anahamia F-100 au chakula dawa cha pakiti. Mimi nampa kwa saa. Anayepiga hesabu kwa uzito wake, na kumfundisha mama atakachopika akirudi nyumbani, ni mtu wa lishe. Siku asipokuwepo tunaona pengo.

Halafu kuna wagonjwa wa kisukari, presha na figo. Wote wanauliza "nile nini?" na foleni haituruhusu kuwajibu ipasavyo.

Jambo lingine, mwambie baba kozi nyingi za afya ngazi ya shahada zina sharti la Fizikia. Wewe ni CBG. Fungueni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) pamoja, msome masharti ya uuguzi na ya lishe, ndipo mbishane.

Mtu wa Nzega

Usiisahau Sayansi na Teknolojia ya Chakula, nayo ipo SUA. Mimi nilipita huko, sasa nipo Tabora kwenye usindikaji. Huku karanga ni nyingi, na karanga zikikaa na unyevu zinaota kuvu wanaotoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, chakula cha kila siku. Kuna viwanda, kuna TBS (Shirika la Viwango) iliyochukua usimamizi wa usalama wa chakula kutoka TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019, na unaweza kufungua kiwanda chako kidogo cha unga wa lishe. Lakini ukisoma ulichoandika, wewe unataka watu, si mashine. Nenda lishe.

Mzee wa Gungu

Nimewasoma. Hilo la Fizikia sikulijua. Bado swali la ajira halijajibiwa sawasawa.

Afisa_Vijijini

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli. Nafasi za serikali zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, si kila mwaka, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Wapo niliosoma nao waliosubiri muda mrefu. Ila mkoa wetu una mashirika mengi kwa sababu ya wakimbizi, na lishe ni kazi ya kila siku kule. Mikataba yao ni mifupi, lakini uzoefu unapatikana. Binti, likizo zako usikae bure: nenda kituo cha afya, omba kujitolea siku za kliniki ya watoto. Jifunze pia kompyuta na takwimu, wengi tunakwama kwenye kuandika ripoti.

Binti_Kasulu

Shikamoo mzee wa Gungu, na nawashukuru wote. Jana usiku nilimsomea baba uzi huu. Alikaa kimya muda mrefu kwenye ile habari ya miguu iliyovimba, akauliza, "Kwa hiyo yule mtoto wa jirani...?" Leo amesema niombe lishe iwe chaguo la kwanza. Swali langu la mwisho: Kemia yangu ni C, nitaiweza kozi? Na mkopo nauandaaje?

Afisa_Vijijini

C inatosha ukiwa na bidii. Kuna baiokemia, yaani kemia ya mwili, mwaka wa kwanza ambayo inawatoa watu jasho, tafuta kikundi cha kusoma mapema.

Kuhusu Bodi ya Mikopo, anza na cheti cha kuzaliwa, kinatakiwa kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), na hapo ndipo wengi wanachelewa. Majina yako kwenye cheti hicho na vyeti vya shule yawe sawa herufi kwa herufi. Kama yanatofautiana, shughulikia mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.