Bunduki ya 1917 ilimfikiaje askari wa Lettow-Vorbeck? Nimepigwa dola 3,600, soma kabla hujanunua

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Mimi ni mtoto wa Tanga, niko huku Marekani mwaka wa 14 sasa. Nina leseni ya mkusanyaji, ile inayokuruhusu kuletewa hadi mlangoni silaha iliyotimiza miaka 50. Sikusanyi kila kitu. Natafuta silaha za vita vya 1914 hadi 1918 vilivyopiganwa kwetu, kati ya Waingereza na Wajerumani wa jemadari Lettow-Vorbeck, maana babu zetu ndio waliozibeba, na zilizobaki ni chache mno.

Mwezi uliopita mnada mmoja wa mtandaoni ukaweka Mauser 98, "bunduki adimu ya askari wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, iliyosalimishwa Abercorn 1918". Na cheti kipo, karatasi nzito yenye muhuri. Picha 22. Nikapandisha bei hadi dola 3,600, fedha niliyoiweka kidogo kidogo kwa karibu miaka miwili.

Mzigo umefika Jumanne. Nikafungua, nikautoa mkanda wa ngozi, nikageuza bunduki nisome maandishi ya juu pale mtutu unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Jina la kiwanda, chini yake mwaka: 1917.

Nilikaa chini, nikarudi kwenye zile picha 22. Kila iliyopigwa kwa juu, mkanda umelazwa palepale penye mwaka. Zote. Hapo usiniambie ni bahati mbaya.

Sasa kwa nini 1917 inaniumiza hivi? Kwa sababu tangu mwanzoni mwa 1915 Waingereza walikuwa wameifunga bahari, na meli za shehena zilizopenya kuwafikia Wajerumani wa huku ni mbili. Rubens ilifika ghuba ya Manza, hapo kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Ilishambuliwa ikawaka moto, shehena ikaopolewa majini, na risasi zilizoingia chumvi zikafunguliwa moja moja na kusafishwa. Marie ikaingia Sudi, upande wa Lindi, Machi 1916. Basi. Novemba 1917 walijaribu kwa meli ya angani (zeppelini), L59, kikatoka Bulgaria kikaishia juu ya Sudan na kugeuza. Hakuna kingine kilichofika. Niambieni, bunduki iliyotoka kiwandani Ujerumani mwaka 1917 ilimfikia askari kwa njia gani?

Na hilo la Abercorn ndilo linanikera zaidi, kwa sababu orodha ya siku ile ipo. Tarehe 25 Novemba 1918, hapo panapoitwa Mbala leo, kule Zambia, jeshi la Lettow-Vorbeck lilikabidhi mzinga mmoja wa Kireno, bombomu (bunduki za rashasha) 37, na bunduki 1,071. Bunduki hizo ni za Kiingereza na za Kireno! Lettow-Vorbeck mwenyewe aliliandika hilo kwa majivuno, kwamba walianza vita wengi wao wakiwa na bunduki za mtindo wa 1871, za baruti ya moshi, zinazomwonyesha adui ulipojificha kila ukifyatua, na wakamaliza na silaha za adui. Walianza kuzichukua mapema, Tanga, Novemba 1914, wakapata za kutosha kuzipa silaha kombania tatu. Baadaye wakavuka Ruvuma, wakawapiga Wareno Negomano na kuchukua zao.

Kwa hiyo anayetaka bunduki ya askari wa siku za mwisho atafute Lee-Enfield ya Kiingereza, au Mauser-Vergueiro ya Kireno ya 1904. Hiyo ya Kireno ndiyo adimu kwelikweli katika hali yake ya asili, kwani nyingi zilikuja kukatwa na kubadilishwa zitumie risasi nene ya milimita 7.92. Wiki mbili kabla ya huu mnada niliona moja nzima, kwenye meza ya mzee mmoja, haikufika hata dola 900. Nikaiacha kwa sababu nilikuwa naweka akiba ya hii takataka.

Turudi kwenye bunduki yenyewe. Bamba la chuma la kitako limegongwa herufi D.O.A., eti Deutsch-Ostafrika. Nimeliangalia kwa kioo cha kukuzia. Kutu ya miaka mia huingia ndani ya herufi. Hapa kutu iko pembeni tu, herufi zimepasua katikati yake, na ndani chuma kinang'aa kama shilingi mpya. Kingo zake bado zinakwaruza kidole. Muhuri huo haujamaliza hata mwaka.

Cheti nacho kinasema iliingizwa Marekani mwaka 1975 ikitokea Dar es Salaam. Sheria ya 1968 ilikuwa imefunga uingizaji wa silaha za kijeshi zilizokwishatumika, na mlango haukufunguliwa kwa za makusanyo hadi 1984. Aliyeandika hakujisumbua hata kuangalia sheria ya nchi yake. Nionavyo mimi, hii ni Gewehr 98, yaani Mauser 98 ya jeshi la Ujerumani, ya kawaida tu, iliyookotwa Ufaransa na mwanajeshi wa Kimarekani mwisho wa vita, kama nyingine nyingi zilizojaa huku. Kitu kizuri, chenye historia yake halali. Dola elfu moja, elfu na mia mbili ningelipa kwa moyo mweupe. Hiyo dola 2,400 ya juu nimelipia herufi tatu na uongo.

Na neno "adimu" sasa limekuwa la kila dalali. Mosin-Nagant, bunduki ya Kirusi iliyotengenezwa kama milioni 37, nayo inaitwa adimu! Nilipofika huku zilikuwa chini ya dola 150, zimejaa kwenye makasha na grisi yake. Leo 400 na kuendelea. Bei imepanda kwa sababu makasha yameisha na Urusi imewekewa vikwazo, naelewa, hiyo ni biashara. Sema basi kwamba haziingizwi tena. Usimwambie kijana anayeanza kwamba ameokota lulu.

Nimewaandikia wenye mnada mara tatu. Jibu: mauzo yote ni ya mwisho, na historia ya silaha ni "kama alivyosimulia mwenye mali wa awali". Walipotaka fedha hawakusema amesimulia mtu, walisema imethibitishwa na wakaweka muhuri.

Kuna watakaoniambia ningeuliza mwaka kwanza. Niliuliza. Nikajibiwa "mwaka wa wakati wa vita", nikaamini kwa sababu ya cheti. Hapo nimejifunza kwa gharama.

Ninachotaka ni fedha yangu yote na nauli ya kurudisha mzigo. Malalamiko yameshafika kwa kampuni ya kadi yangu, pamoja na picha za mwaka na za zile herufi. Kama kuna mwenzangu huku aliyenunua kitu chenye D.O.A. na cheti cha karatasi nzito ya rangi ya krimu, muhuri wa bluu chini kushoto, angalia mwaka ulioandikwa juu, kisha weka picha hapa. Nina wasiwasi sipo peke yangu, kwa sababu cheti changu kimeandikwa namba 31.