Ruhusa ya Achieng kuogelea ziwani

Mama Achieng: Habari za jioni, ndugu zangu. Achieng, ambaye sasa ana miaka 15, anaomba ruhusa ya kushiriki mashindano ya kilomita 3 ziwani mwezi ujao. Bwawa la mita 25 analivuka mara 60 bila kupumzika. Je, yuko tayari?

Mjomba: Nzuri, dada. Kwa umri hakuna shida, kwa kuwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, huruhusu kuanzia miaka 14. Lakini mara 60 ni mita 1,500 tu, yaani nusu ya safari, tena kila anapofika ukutani hujisukuma kwa miguu, na ziwani hakuna ukuta. Lazima kwanza amalize kilomita 3 ziwani kwenyewe, mtumbwi ukiwa kando yake, na azoee kuinua macho kulitafuta boya, maana katika maji ya Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, mtu hunyoosha mkono asivione vidole vyake.

Shangazi: Waandaaji si watakuwa na boti za uokoaji?

Mjomba: Hapo ndipo penye hofu yangu, shangazi. Katika mashindano fulani niliyoshiriki, msuli wa paja ulikakamaa karibu na magugu maji. Nikalala chali, nikapunga mkono, na boti haikuja mpaka mvuvi aliyekuwa akitoa nyavu aliponishika kwapani. Mwaka 2010 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, Fran Crippen, Mmarekani wa miaka 26 aliyekuwa hodari sana, alifariki katika mbio za kilomita 10 kwenye maji yenye joto kali, na waogeleaji wenzake ndio waliogundua kwamba hakufika. Siku hizi kanuni haziruhusu mbio maji yakizidi nyuzi 31. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, uliza boti ni ngapi, nani anawahesabu wanaoingia na wanaotoka, na kama wataanza alfajiri kabla upepo haujachafua ziwa. Wasipojibu, asiende.

Mama Achieng: Nitawapigia simu kesho asubuhi. Na kichocho je?

Mjomba: Kipo, hasa kwenye maji ya ufukweni yenye majani. Mpeleke kwa daktari apimwe wiki kadhaa baada ya mashindano, hata kama hajisikii vibaya.

Achieng: Asante, Mjomba. Kofia yangu ni ya kijani, itafaa?

Mjomba: Hapana, mwanangu, itapotea kwenye magugu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakungoja Dunga na kofia ya rangi ya chungwa na boya la kufunga kiunoni.