Mnaosoma PhD ya kompyuta mkiwa Mtwara na Lindi, kutafiti mlijifunzaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili wa uzamivu, sayansi ya kompyuta. Chuo kiko Dar, mimi naishi Mtwara mjini kwa ajili ya kazi na familia, msimamizi tunaongea zaidi kwa simu. Kuandika programu nilifundishwa tangu shahada ya kwanza. Kuchagua swali, kusoma makala za watafiti, kujua kama jibu nililopata ni la kweli, hayo hayana darasa. Nimeshuhudia watu wenye akili nzuri wakiacha katikati. Wenye uzoefu naomba mtueleze kwa kina.

Mkorosho wa Newala
Mkuu, mimi nafundisha kompyuta kutambua ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaoonekana kama unga mweupe) kwa picha za majani na maua ya mkorosho. Msimamizi aliniuliza kabla sijaanza majaribio: picha za mti mmoja zitakaa pande zote mbili, za kufundishia na za kupimia? Maana zikikaa kote, kompyuta inaukariri mti, alama zinapanda, na ugonjwa wenyewe haiujui. Basi tukagawa kwa mashamba: ya Newala ya kufundishia, ya Tandahimba ya kupimia.

Akanipa na makala ya Mohanty, Hughes na Salathé ya 2016. Walitumia picha 54,306 za PlantVillage, hazina ya picha za majani mazima na yenye magonjwa, mazao 14 (korosho haimo), wakapata usahihi wa asilimia 99.35. Walipopima kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine ukashuka hadi asilimia 31 hivi, na wameliandika hilo wazi. Nawaheshimu sana kwa hilo. Siku hizi nikifungua makala yoyote, kwanza natafuta data ya kupimia imetoka wapi.

Jingine: kazi ya kusema jani hili linaumwa au halina kitu waachieni wataalamu wa magonjwa ya mimea. Tafuta wawili, kila mmoja aamue peke yake, kisha linganisha. Kwangu walipishana zaidi kwenye majani yenye vumbi la salfa, dawa inayopuliziwa dhidi ya ubwiriunga. Kama kompyuta itachanganya salfa na ugonjwa, mkulima ataambiwa apulizie tena shamba alilokwisha kupulizia!

Binti Mikindani
Kwenye kusoma, mimi nafuata njia ya S. Keshav, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Waterloo, ya 2007. Unapita mara tatu. Kwanza dakika tano hadi kumi: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho. Nyingi zinaishia hapo na ni sawa. Mara ya pili kama saa moja, ukikagua michoro na grafu. Ya tatu unaijenga kazi upya kana kwamba ni yako, na kwa anayeanza ni saa nne au tano. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Nilichukua makala moja yenye programu ya wazi, nikairudia kwa mbegu tofauti za bahati nasibu (namba ambayo kompyuta huanzia kubahatisha), na faida waliyoitangaza ikawa inaonekana kwa mbegu moja, nyingine haipo.

Mwana wa Nachingwea
Sisi tuko wachache, fani mbalimbali. Kila Jumamosi mmoja anaeleza makala kwa Kiswahili, na mwenzetu wa uvuvi ana ruhusa ya kumkatiza kila asipoelewa. Halafu pakueni makala mapema. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, wenye nakala kwenye kompyuta zao waliendelea na kazi.

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Mkorosho, mwenye mashamba manne tu afanyeje?

Mkorosho wa Newala
Fundisha kwa matatu, pima kwa la nne, kisha zungusha hadi kila shamba lipimiwe. Na kwenye tasnifu andika alama za kila shamba, usiweke wastani peke yake. Shamba litakaloanguka ndilo uende ukalitembelee kwanza.