Mtego wa mayai ya mbu, msitu wa Kakamega: vibao vitupu

Wadau, makopo meusi 12 yamefungwa mitini, yamejaa maji hadi ukingoni, kibao cha kutagia ndani. Wiki nzima hakuna yai. Kosa liko wapi?

— Ni hayo maji. Aedes africanus, mbu wa homa ya manjano, hatagi kwenye uso wa maji kama Anopheles, mbu wa malaria. Hubandika yai mojamoja kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya maji, kama afanyavyo kwenye shimo la mti. Kopo likijaa pomoni, atabandika wapi? Jaza nusu, toboa tundu ubavuni mvua isilifurishe. Kibao kiwe na uso wa kukwaruza, nusu yake nje.

— Maji ya bomba pia hayamvutii sana. Loweka majani makavu siku kadhaa, chuja, tumia hayo. Yananuka, ndivyo apendavyo.

— Toa kibao siku ya 5. Yai hutoka jeupe, likaiva jeusi baada ya saa chache. Usilikaushe siku hiyohiyo, litanyauka. Likikomaa hustahimili ukavu miezi kadhaa, na mvua ikija mayai hayaanguliwi yote kwa pamoja.

— Shambani je?

— Chungulia makwapa ya migomba na nduma, pale jani linapoungana na shina na maji kutuama. Huko hutaga mbu mwingine, Aedes bromeliae.