Ukoo wa Chumbageni: mkoba wa Mama na kidude cha nne

*Jumamosi*

Asha 10:52: Jamani nani yuko karibu na Ngamiani? Mama kasahau mkoba kwenye bajaji

Shangazi Mwajuma 10:53: INNA LILLAHI. MKOBA UPI? SAMAHANI HERUFI KUBWA ZIMEGOMA KUTOKA

Asha 10:53: Ule mweusi wa zipu. Kuna kadi ya NIDA, funguo za kabati na hela ya mchezo. Mama ndo kijumbe mwezi huu, zimo 240,000 za watu

Shangazi Mwajuma 10:54: ZAMU YA NANI?

Asha 10:54: Yako Shangazi 😩

Shangazi Mwajuma 10:54: HUO MKOBA UTAFUTWE HARAKA

Mjomba Hamisi 10:56: Assalaam alaykum. Namba ya bajaji mmeishika?

Asha 10:57: Waalaykum salaam, shikamoo Mjomba. Mama anasema ni ya bluu, nyuma imeandikwa Riziki

Mjomba Hamisi 10:58: Marahaba. Basi ziko mia

Kassim Muscat 11:01: Tulieni. Nilipokuja mwezi wa pili nilitia AirTag, kidude cha kutafutia vitu, ndani ya ule mkoba, kwenye kile kimfuko cha miwani. Asha chukua simu ya Baba, kuna programu ina duara la kijani. Ifungue, nenda sehemu ya vitu

Asha 11:04: Nimeipata. Naona Mkoba wa Mama, Funguo za pikipiki, Begi R. Begi R ndo nini?

Kassim Muscat 11:04: Achana nayo, gusa mkoba

Asha 11:05: Barabara ya 14, dakika 22 zilizopita

Mjomba Hamisi 11:06: Dakika 22 bajaji imeshafika Pongwe na kurudi. Hiyo satelaiti gani inayosinzia?

Kassim Muscat 11:09: Mjomba hakina satelaiti wala laini. Ni kidude cha gramu 11, kama kifungo kikubwa cha koti, na betri bapa ile ya rimoti ya gari. Kazi yake kunong'ona kwa Bluetooth "nipo hapa, nipo hapa". iPhone ya mtu yeyote ikipita jirani inakisikia, inatuma mahali ilipo kwa siri, halafu ni sisi wenye ufunguo tunaoweza kusoma. Isipopita iPhone, ndo basi. Huku Muscat kila hatua mbili unaikuta. Tanga ni mpaka apite mwenye nayo

Mjomba Hamisi 11:11: Ngoja kwanza. Simu ya mtu baki inafanyishwa kazi ya kutafuta mkoba wa dada yangu na mwenyewe hana habari?

Kassim Muscat 11:12: Hana habari. Ila hajui ni mkoba wa nani na sisi hatujui yeye ni nani. Akitaka anaweza kuzima kwenye mipangilio

Mjomba Hamisi 11:12: Atazimaje jambo asilojua kama lipo

Asha 11:15: Imehama! Soko la Mgandini, dakika 3. Nachukua boda

Kassim Muscat 11:15: Usiende peke yako. Na ikikuonesha nyumba ya mtu usigonge, rudi, tutaita mjumbe au polisi. Kwenye kijiwe cha bajaji mbele za watu haina neno. Ukifika bonyeza "cheza sauti". Mimi nikibonyeza huku hakilii, lazima simu iwe karibu

Shangazi Mwajuma 11:16: NENDA NA MUDI WA DUKANI

Asha 11:31: Tupo Mgandini. Nimebonyeza, inasema haijaunganishwa

Asha 11:38: Sasa inasema Makorora kijiweni 🏃🏾‍♀️

Rehema 11:40: Ndo naamka hosteli nakuta ujumbe 31. Mama yu mzima lakini?

Shangazi Mwajuma 11:41: MZIMA, ANAKUNYWA MAJI YA NDIMU

Asha 11:52: TUMEUPATA

Asha 11:54: Bajaji sita zimepangwa, hakuna iliyoandikwa Riziki, yetu imeandikwa Subira 🤦🏾‍♀️ Nikabonyeza, nasikia tii tii tii kwa mbali. Madereva wote wakanyamaza. Mmoja kainama nyuma ya kiti cha abiria, mkoba umeteleza ukakaa juu ya tairi la akiba. Mwenyewe kapigwa na butwaa, anaapa hakuuona. Hela kamili, nimehesabu mbele yake. Nimempa 10,000 kakataa, kachukua 5,000. Anauliza kidude kinauzwa wapi

Shangazi Mwajuma 11:55: ALHAMDULILLAH. Zimekubali kutoka sasa, herufi ndogo. Mwambie Mama mchezo wangu nakuja kuuchukua leo leo

Asha 12:20: Tumefika nyumbani. Mama anasema kumbe ndo hicho kilichokuwa kinalia msibani Pangani wiki iliyopita! Kisomo kinaendelea, kila akisogeza mkoba tii tii. Akina mama wakatafuta nyenje chini ya mkeka mpaka wakakata tamaa

Kassim Muscat 12:23: 😂😂 Alikaa kule siku tatu bila simu ya Baba, kidude kikadhani kimeachwa au kimefichwa kwa mtu. Kimetengenezwa hivyo. Vilipotoka 2021 vilikuwa vinangoja siku 3 ndo vilie, watu wakalalamika kwamba vinatumika kufuatilia wanawake, wakapunguza ikawa muda wa kati ya saa 8 na saa 24

Mjomba Hamisi 12:30: Kufuatilia wanawake?

Kassim Muscat 12:31: Ndiyo Mjomba, wengine wanavitia kwenye gari la mke au begi la mtu. Dunia ina mambo

Baba 12:40: Alhamdulillah mkoba umepatikana. Asha rudisha simu dukani.

*Jumanne*

Rehema 21:14: Naombeni msaada, na msinicheke. Simu imeniandikia kuna kifaa cha kufuatilia kisichojulikana kinatembea na mimi. Imenichorea ramani. Kuna doa Chalinze, Kibaha, Mbezi, hapa hosteli, na Kigamboni nilikoenda jana

Asha 21:15: Ati nini?

Shangazi Mwajuma 21:15: Funga mlango

Rehema 21:16: Nimefunga. Tumesukuma na meza. Nadhani ni yule dereva wa teksi wa Jumapili ile niliyorudi kutoka Tanga, alininyanyulia begi kuliweka kwenye buti na akauliza maswali mengi

Kassim Muscat 21:18: Rehema

Kassim Muscat 21:18: Ujumbe huu umefutwa

Mjomba Hamisi 21:19: Usifute, sema

Rehema 21:27: Hiyo taarifa ina kitufe cha kukiliza. Tumekiliza mara tano na mwenzangu wa chumba tukiwa tumeshikana mikono. Kiko kwenye begi la mgongoni, kwenye sponji ya mgongo. Kimeshonewa. Uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa

Asha 21:28: Mishono mikubwa mikubwa 😶

Rehema 21:36: Simu yangu haina NFC, ile ya kusoma kitu kwa kugusisha, nimeazima Samsung ya mwenzangu. Ukikigusisha nyuma ya simu kinafungua ukurasa, kuna namba za kifaa na tarakimu 4 za mwisho za simu ya mwenye nacho. Hizo tarakimu nazijua kichwani. Kaka Kassim?

Kassim Muscat 21:38: Samahani mdogo wangu. Kimesajiliwa kwangu kwa sababu pakiti ya vinne niliinunua mimi. Nikakishirikisha simu ya Baba. Aliniomba

Asha 21:38: Begi R

Baba 21:44: Nimekiweka mimi. Kwa usalama wako. Dar si Tanga.

Rehema 21:46: Baba shikamoo. Kwa nini hukuniambia?

Baba 21:47: Marahaba. Ningekuambia ungekitoa.

Rehema 21:52: Ungeniambia ningekibeba, na nikikwambia naenda Kigamboni ungejua kwa mdomo wangu. Saa nzima hii nimekaa natetemeka, nafikiria yule dereva anajua hosteli yangu. Mwenzangu alishaanza kuulizia dawati la jinsia liko kituo gani. Tulikuwa twende polisi asubuhi Baba. Ningefika pale niseme nini, ninafuatiliwa na Baba na kaka?

Mjomba Hamisi 21:55: Shemeji, mie karani mstaafu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sikupeleki popote, wewe shemeji yangu, ila mtoto ana miaka 22

Baba 21:57: Ukiwa na binti mbali utanielewa.

Shangazi Mwajuma 22:03: Kaka Salehe niruhusu niseme mbele ya watoto. Mume wangu wa kwanza, nikienda bombani alikuwa anatazama saa. Anajua ndoo moja ni dakika ngapi. Nikizidisha naulizwa nimesimama na nani. Angekuwa na kidude hiki angenishonea kwenye pindo la kanga

Baba 22:05: Mie si mume wake. Mie baba yake.

Shangazi Mwajuma 22:05: Ndo maana nakwambia kwa upole

Asha 22:08: Kassim swali. Simu yake imejuaje? Si hana iPhone

Kassim Muscat 22:11: Zamani mwenye Android alibidi apakue programu akague mwenyewe, nani atakumbuka hilo. Mei 2023 Apple na Google wakatangaza kushirikiana kwenye hilo, sasa Android kuanzia toleo la 6 zinaonya zenyewe. Nilimwambia Baba itamwonya. Akasema atadhani ni tangazo afute

Asha 22:11: Kassim na wewe ulikubali 😒

Kassim Muscat 22:12: Nilikubali. Bora nisingekubali

Rehema 22:20: Kuna jambo jingine. Nani mwingine anaona hiyo ramani?

Kassim Muscat 22:21: Mimi na Baba tu. Kinaweza kushirikishwa watu watano lakini hiki sikukishirikisha kwa mwingine

Rehema 22:24: Jana usiku Mudi wa dukani kanitumia ujumbe. Nakunukulia: "mambo Reh, vipi Kigamboni upepo mzuri eeh, usinisahau zawadi." Sikuwa nimeweka picha popote. Sikumwambia mtu. Nikajua labda kaniona mtu wa Tanga kwenye pantoni, lilikuwa limejaa

Asha 22:25: Simu ya Baba inakaa kaunta mchana kutwa. Namba ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa, hata watoto wa peremende wanaijua. Na Jumamosi mimi ndo nilimfungulia Mudi ile programu tukiwa njiani, nikamwonesha inavyofanya kazi. Mungu wangu

Mjomba Hamisi 22:26: Hapo sasa

Shangazi Mwajuma 22:31: Naona Kaka anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha. Mwacheni

Baba 22:49: Huo ujumbe wa Mudi nitumie.

Rehema 22:50: Nimekutumia pembeni

Kassim Muscat 22:53: Rehema nimekiondoa kwenye akaunti yangu, ramani haipo tena kwa yeyote. Ukitaka kuhakikisha, bonyeza ule upande wa chuma kwa vidole viwili uzungushe kinyume cha saa, kinafunguka, toa betri. Betri usiiache ovyo ukija nyumbani, kajukuu ka Shangazi kanameza kila kinachong'aa na hiyo inachoma koo

Rehema 22:58: Nimetoa. [picha] Kiko mezani, hakina tena sauti

Asha 22:59: Lala sasa. Meza muirudishe mahali pake

*Jumatano*

Baba 07:10: Simu nimebadilisha namba ya siri. Haikai tena kaunta. Mudi nimeongea naye mbele ya baba yake, leo hafungui duka.

Baba 07:11: Rehema, mama yako anauliza kama umelala.

Rehema 07:15: Shikamoo Baba. Nimelala kidogo. Mama anauliza au wewe?

Baba 07:19: Wote.

Mjomba Hamisi 07:24: Kassim, hivi hizo za Google nazo zinafanyaje? Nina ng'ombe Mkinga

Kassim Muscat 07:30: Mjomba Mkinga usijisumbue. Zile za Google zinatumia simu za Android, ambazo huko zipo nyingi, lakini zisipobadilishwa mipangilio zinaripoti pale penye simu nyingi zinazopita pamoja, ili mtu mmoja asijulikane alipo. Porini ng'ombe na mchungaji mmoja, hakitasema kitu

Mjomba Hamisi 07:31: Basi mchungaji abaki na kazi yake

Baba 07:40: Rehema kile kidude kirudishe na basi la kesho. Mbuzi wa Idi ameshakata kamba mara mbili, nitamfunga yeye. Hapa mtaani simu zipo. Nauli ya kifurushi natuma.

Rehema 07:46: Imeingia. Baba umetuma 50,000, kifurushi ni 5,000

Baba 07:47: Inayobaki nunua begi jingine. Lile nimelitoboa.