Naomba ushauri: wasaidizi wa kumtunza mama mwenye kiharusi

Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 78, amepooza upande wa kulia. Yeye yuko Morogoro, sisi watoto tuko Dar na Mwanza. Tunataka utaratibu wa kudumu.

Tumepanga wasaidizi wawili wa kupokezana usiku na mchana. Mmoja peke yake huchoka, na akichoka, kugeuza mgonjwa ndiko kunakorukwa kwanza. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulala muda mrefu, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Wakati wa kumwogesha wakague visigino, nyonga na sehemu ya juu ya makalio. Kwa ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Papasa kama pana joto au ugumu kuliko pembeni. Hapo hakuna kusugua, maana ngozi inachubuka. Maji mepesi yanampalia, kwa hiyo anapewa uji mzito kijiko kwa kijiko akiwa amekaa wima, na asilazwe kabla ya nusu saa.

Ninapokwama ni kwenye usimamizi. Mkataba wa msaidizi mnauandikaje kuhusu likizo na matibabu yake? Nani ashike laini ya simu ya mama, maana pesa zake zimo humo na msaidizi hapaswi kujua namba ya siri? Na jirani anayepita kukagua bila taarifa, mnamlipa au mnamwachia kwa undugu? Tafadhali, waliosimamia mgonjwa kwa mbali wanieleze.